Usiku Niliosahau Blanketi

Nimetoka zamu saa moja asubuhi na usingizi umegoma. Nimekaa kwenye mawe ya Capri Point, ziwa limetulia, nami bado namuwaza kijana wa Jumapili.

Ni dereva wa bodaboda. Fuso lilimgonga upande wa kushoto njia ya Buhongwa, mvua ikinyesha. (Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike.) Alilala kando ya lami, kisha akaletwa na bajaji, nguo zimelowa chapachapa.

Mimi ndiye niliyempokea. Nasomea ubingwa wa upasuaji, na hatua za kumpokea majeruhi nazijua kwa moyo: njia ya hewa, pumzi, damu, fahamu, halafu mvue nguo umkague mwili mzima. Nikazifuata. Oksijeni, sindano mbili nene mikononi, ultrasaundi ya tumbo: weusi kati ya bandama na figo, yaani damu. Nikachukua mkasi, nikakata suruali na koti la mvua. Niliamini nimefanya kila kitu.

Sista wa zamu akaweka kiganja kwenye paja lake. "Dokta, huyu kapoa kama sangara wa kwenye barafu."

Kipimajoto kikasoma 34.1.

Hatua ile ya mwisho ina nusu yake ya pili: ukishamvua, mfunike. Nilikuwa nimemwacha uchi chini ya feni, huku namwingizia damu iliyotoka kwenye friji.

Watu huuliza, Mwanza na joto hili, baridi inatoka wapi? Anayevuja damu nyingi hawezi kujitengenezea joto, maana mwili haupati oksijeni ya kutosha. Akipoa, damu haigandi vizuri. Isipoganda, anavuja zaidi, viungo vinazidi kukosa oksijeni, asidi inapanda kwenye damu, na asidi hiyo nayo inazuia kuganda. Mgonjwa anaweza kufia mezani wakati kila mshipa mkubwa umeshafungwa.

Bosi wetu alipoingia thieta aliagiza kiyoyozi kizimwe kabla hata hajanawa mikono. Tukatoa bandama, tukalikandamiza ini kwa vitambaa 6 vikubwa, tukalifunika tumbo bila kulishona, tukatoka. Haikufika saa nzima.

Nilipoanza masomo niliona kuacha tumbo hivyo ni kushindwa. Mwaka 1993 madaktari wa upasuaji Rotondo, Schwab na wenzao wa Philadelphia, Marekani, waliipa njia hii jina waliloliazima kwa wanamaji, "damage control": meli iliyotobolewa huzibwa kwanza ili ifike bandarini, matengenezo baadaye. Nilipolisoma nilimkumbuka baba, mvuvi wa Ukerewe, akisukuma pamba kwa ncha ya kisu kwenye ufa wa mtumbwi, nchi kavu ikiwa mbali, nami nachota maji kwa kopo na kuyamwaga. Kalafati yenyewe ilitiwa siku iliyofuata, mtumbwi ukiwa umepinduliwa mchangani.

Bandari ya kijana wetu ilikuwa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Sista alipasha dripu kwenye ndoo ya maji moto, akamfunika blanketi mbili, na kichwa pia akakifunika. Kila nusu saa alipima joto na kuliandika. Nilisimama pale nikiangalia namba zikipanda polepole mno: 34.6, 35, 35.3.

Alfajiri nilimkuta mama yake kwenye benchi la nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mwanangu anasikia baridi?"

Alikuwa ameshafungua kitenge chake na kunikabidhi. Nilikipokea kwa mikono miwili, sikuweza kumjibu upesi.

Kwenye kikao cha asubuhi nilieleza yote mbele ya wenzangu na wanafunzi. Bosi hakunifokea. Aliuliza tu: joto lake alipofika lilikuwa ngapi? Sikuwa na jibu, kwa sababu hadi sista alipomgusa nilikuwa sijapima. Naona swali hilo lingepaswa kuwa na mstari wake kwenye fomu ya mapokezi, sambamba na presha na mapigo. Nimeshaandika pendekezo.

Jana tulimrudisha thieta. Vitambaa 6 tuliviweka, 6 tukavitoa, sista akavihesabu kwa sauti mara mbili. Ini lilikuwa kavu. Tumbo tumelishona, joto 36.7.

Bado anapumua kwa mashine. Leo usiku tutapunguza dawa za usingizi tuone kama atafumbua macho. Kitenge cha mama kiko miguuni pake.