Nilivyoifufua bodi ya kichakataji cha PDP-8/E bila kununua kumbukumbu

Karibu kila mtu niliyemweleza hali ya PDP-8/E yangu alinijibu kwamba kumbukumbu yake imekufa. Mmoja wao, ambaye baadaye niligundua kuwa anaziuza kumbukumbu hizo, alinitajia bei ya mamia kadhaa ya dola kabla sijamaliza kueleza dalili. Mwingine alinitaka ning'oe chipu zote za bodi ya kichakataji na kupachika mpya. Chipu iliyoharibika ilikuwa moja, ya dola chache tu, na mashine yenyewe ilikuwa inainyooshea kidole tangu mwanzo.

Kwa wasioifahamu, hii ni kompyuta ya biti 12 iliyotolewa mwaka 1970 na kampuni ya Digital iliyokuwa na makao yake Maynard, Massachusetts. Ninaishi katika jimbo hilo, ndiyo maana mabaki ya mashine hizi bado huibuka kwenye magereji ya watu. Kichakataji chake si chipu moja, bali ni bodi kadhaa zilizojaa chipu ndogo za TTL (aina ya zamani ya chipu za mantiki): M8300 yenye rejista kuu, yaani sehemu ndogo zinazoshikilia namba zinazofanyiwa kazi, M8310 inayoziongoza rejista hizo, na M8330 inayotoa mapigo ya saa. Kumbukumbu ni vipete vidogo vya sumaku vilivyopitishiwa nyaya.

Umeme ulikuwa sawa. Nilianza kuingiza kwa mkono, kwa swichi za paneli ya mbele, ile programu fupi ya kupakia tepu za karatasi, ambayo huanzia anwani 7756. Anwani zote huandikwa kwa namba za msingi wa nane. Neno la kwanza, yaani namba ya kwanza ya biti 12, 6032, liliingia 7756. La pili, 6031, likaingia 7757. La tatu lilipaswa kwenda 7760, lakini taa za anwani zilionyesha 7740. Hapo ndipo washauri wangu waliposema kumbukumbu haishiki. Kumbe nilipoweka 7760 moja kwa moja kwa swichi ya kupakia anwani, nikaandika neno na kulisoma tena, lilikuwepo vilevile. Kumbukumbu ilikuwa inashika vizuri kabisa. Kilichokosewa ni hesabu ya kuongeza moja.

Tazama hesabu hiyo kwa karibu. Kila tarakimu ya msingi wa nane ni biti tatu, na biti nne za mwisho za 7757 zote ni moja. Ukiongeza moja, zinakuwa sifuri na unabeba moja kwenda kwenye biti zinazofuata, nawe unapata 7760. Usipobeba, unapata 7740. M8300 hujumlisha kwa chipu tatu za aina ya 7483, kila moja ikishughulikia biti nne, na mpaka wa kosa langu uliangukia penye kiungo cha chipu ya kwanza na ya pili. Kwa kuwa rejista zote za mashine hii hupita katika kijumlishi hichohicho, nilitabiri kwamba hata akumuleta, rejista inayoshika matokeo ya hesabu, ingekwama pale pale. Niliandika 7001 katika anwani 0200, yaani ongeza moja, na 5200 katika 0201, yaani rudi 0200; nilizichagua anwani hizo makusudi, kwa sababu programu haivuki mpaka ule mbovu. Kwa hatua mojamoja, akumuleta ilipanda hadi 0017 kisha ikarudi 0000. Nakiri nilicheka kwa sauti, peke yangu.

Kuipima bodi ikiwa kazini si jambo la bodi moja ya kurefushia, yaani ile inayoinua bodi nje ya mashine ili uifikie ikiwa bado imeunganishwa. M8300 na M8310 zimeunganishwa pia kwa juu, kwa viunganishi vya H851, na ukiinua moja ukaiacha nyingine chini, viunganishi havifiki. Azima bodi za kurefushia za kutosha zote mbili, mimi niliazima.

Kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora volti zinavyobadilika, mguu wa 14 wa ile 7483, ambao ndio unaotoa ile moja ya kubebwa, ulilala karibu na sifuri volti muda wote. Rafiki mmoja alisisitiza nikalishe chipu nzima mgongoni mwa ile mbovu, mguu kwa mguu, nione kama itapona. Nilifanya hivyo ili kumridhisha, na 7757 ikaendelea kurudi 7740. Mbinu hiyo hufaa chipu iliyokuwa bubu; hii ilikuwa inavuta waya chini, na katika TTL anayevuta chini humshinda anayesukuma juu.

Lakini nani alikuwa anavuta? Inawezekana ilikuwa chipu inayotoa, au inayopokea. Kabla ya kugusa pasi ya kulehemu, nilikata mguu wa 14 peke yake kwa koleo jembamba, nikauinua kidogo. Mguu ulibaki sifuri. Waya wa upande wa pili sasa ulikuwa unaelea, na kiingilio cha TTL kinachoelea hujihesabu kuwa ni moja. Kwa hiyo nilipopakia anwani 0000, taa zilionyesha 0020. Niliugusisha waya huo kwenye gandi, yaani sifuri volti ya mashine, nikapakia tena, zikaonyesha 0000. Ningeweza kuirudia michezo hiyo jioni nzima, kwa sababu ilinithibitishia bila kulehemu chochote kwamba chipu inayopokea ni nzima.

Kilichobaki ni kazi ya kawaida: kukata miguu iliyobaki, kuitoa mmojammoja, kuweka soketi. Unaponunua, usikubali kupewa 74283 kwa maelezo kwamba ni kitu kilekile. Hesabu zake ni zilezile, ila miguu ya umeme imewekwa kwingine: kwenye 7483, volti 5 huingia mguu wa 5 na gandi ni wa 12, ilhali kwenye 74283 ni wa 16 na wa 8.

7757 ilipofuatwa na 7760, niliingiza programu ya kupakia hadi mwisho, nikaipitishia tepu ya majaribio ya amri kutoka kwenye kompyuta yangu ya mapajani kupitia bodi ya mawasiliano, na ikapita. Muuzaji aliniandikia tena kuuliza kama bado ninaihitaji kumbukumbu. Nilimjibu kuwa ninayo, na kwamba kama ana bodi za kurefushia za kuuza, hizo ndizo ninazozitafuta.