Nilivyomtembeza baba mpaka jasho likamtoka

Baba alipopata kiharusi, kila aliyekuja kumjulia hali alituambia apumzike. Wengine wakasema hatua kumi nzuri, taratibu, zinamtosha. Hazimtoshi! Mwenye kiharusi hujifunza kutembea kwa kutembea, tena hatua nyingi na moyo ukienda mbio. Ila msikimbilie mapema: kumchosha mgonjwa ndani ya saa 24 za mwanzo kunaweza kumdhuru. Sisi tulianza mwezi wa nne tangu augue, daktari akiwa ameridhika na presha na mzee anaweza kwenda na bakora.

Nilipima mita 10 uchochoroni, tofali huku na tofali kule. Mara ya kwanza alitumia sekunde 28. Kila akienda na kurudi, kokoto moja sahanini. Kuhesabu hatua kwa simu achaneni nako, anayekwenda polepole inamruka nyingi.

Palipotusumbua ni mapigo ya moyo. Mapigo ya juu kabisa kwa dakika hukadiriwa kwa 220 kutoa umri. Mzee ana miaka 62: 220 kutoa 62 ni 158. Kutoa mapigo yake akiwa ametulia, 60, inabaki 98. Asilimia 60 hadi 80 ya hiyo, ukirudishia 60, ndilo lengo akitembea: kati ya 119 na 138. Wiki nzima hatukuifikia. Shati limelowa, nikishika mshipa nahesabu 98, namwongezea kasi. Mtaalamu wa fiziotherapia akauliza swali moja tu: anameza dawa gani? Atenololi. Dawa hiyo huzuia moyo usiende mbio, kwa hiyo hesabu yangu haikuwa na maana na nilikuwa namchosha kupita kiasi. Tukahamia kipimo cha Borg, cha 6 hadi 20, mgonjwa mwenyewe anataja namba ya jinsi anavyojisikia kuchoka: 6 hajitumi kabisa, 20 amefika mwisho wa nguvu. Nilitaka 14 hadi 16. Akiwa hapo anajibu maneno matatu manne, lakini kisa hawezi kukisimulia.

Kidole cha mguu kilikuwa kinakwaruza chini. Nilikata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, upana wa vidole viwili, nikaufunga kwenye kamba za kiatu mpaka chini ya goti. Siku ya kwanza ngozi ikawa nyekundu, naye hakuhisi, kwa sababu upande ule umekufa ganzi. Kwa hiyo zungusha bandeji kwanza, fungua kila mnapopumzika, kagua ngozi. La pili: nilifunga katikati ya kiatu, unyayo ukaendelea kupindia ndani. Nilipohamishia matundu ya nje ukanyooka.

Khanga iliyokunjwa inafungwa kiunoni mwa mgonjwa, nawe unaishika ukiwa upande uliopooza, nyuma kidogo. Usimvute mkono wala kumbeba kwa kwapa, bega linaweza kuchomoka.

Sikumsahihisha kila hatua. Nilisaidia mguu ukigoma kuja mbele, goti likikunjika, au akiyumba kutaka kuanguka. Akiufagia mguu kwa pembeni nilimwacha aende. Ukimsimamisha kila mara, ndani ya dakika 40 atapata hatua mia mbili tu.

Tulifanya dakika 40, mara nne kwa wiki, anatembea dakika tatu hadi tano, anakaa mpaka pumzi irudi. Presha ikizidi 180 kwa 110 hatuanzi. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, tunaacha na kwenda hospitali.

Kokoto zilianza 12, wiki ya nane zikafika 38. Akizoea, ongeza ugumu: begi lenye mchele kilo mbili mgongoni, kuvuka fito za mwanzi, kurudi kinyumenyume, ngazi za kibarazani. Kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia uliopooza pamoja na bakora. Gharama ni mpira, bandeji na mashine ya presha, kama elfu sitini au sabini hivi.

Mita 10 sasa ni sekunde 17. Mguu bado anaufagia kidogo, na mpira wa kwanza umelegea. Jana nimekata mwingine.