Siku moja maishani mwangu: mie mtu wa fiziotherapia, Unguja

Saa 12 asubuhi nipo kituoni Fuoni nasubiri daladala ya mjini, imejaa, tunabanana, tunafika.

Saa 2 nafungua chumba. Watu wakisikia fiziotherapia wanajua tunakanda migongo tu, na kweli asubuhi yangu nyingi ni magoti, mabega na waliopata kiharusi. Lakini wapo wanaoletwa kwangu kwa sababu choo hakiwatoki, na hao ndo nataka muwajue maana wanateseka miaka na hawasemi.

Kwenye saa 4 akaingia mama mmoja kutoka shamba, kaja na dada yake. Daktari keshampima na kuona hana ugonjwa mwengine. Dada mtu ndo anaesema yote: "Mwanangu, mdogo wangu huyu tumempa sanamaki, tumempa papai, kanywa dawa za kulainisha mpaka tumbo linamkata, bado anakaa chooni nusu saa anajikamua. Tupe dawa kali zaidi." Mwenyewe kainama, mtandio umemfunika nusu ya uso. Nikamuomba dada mtu atoke kidogo, ndo mama akaniambia kwa sauti ya chini kwamba choo chenyewe ni laini, ila hakitoki, mara nyengine mpaka abonyeze kwa kidole sehemu za mbele.

Nikamwita dada mtu arudi asikie na yeye. Kuna msuli umeshikamana na mfupa wa kinena, unazunguka nyuma ya utumbo wa mwisho kama mbeleko na kuuvuta mbele, utumbo unapinda, ndo mana mtu haja haimtoki ovyo. Ukenda chooni msuli unatakiwa ulegee, ile kona inyooke. Sasa kuna watu wakisukuma wao msuli unakaza, kwa hiyo wakizidi kukamua na mlango unazidi kufunga. Sanamaki itasukuma tumbo, kumfundisha msuli kulegea haiwezi, hilo tunalifanya kwa mkao na kupumua.

Dada mtu kakasirika. "Yaani tumelipa nauli kote kule kuja kufundishwa kupumua?" Umeme ushakatika, feni imesimama, foleni nje inanung'unika na yeye anarudia lile lile, dawa, dawa, dawa. Nikachukua kanga nikaipitisha nyuma ya kipande cha mpira wa maji, nikavuta, mpira ukajikunja. Nikamwambia dada mtu, haya, mimina maji. Hayapiti. Nikalegeza kanga, yakapita. Hapo akakaa.

Tukaanza. Nikamkalisha mgonjwa, miguu juu ya kigoda mpaka magoti yakapita nyonga, ainame mbele, viwiko juu ya magoti. Kwao wana choo cha kukaa sasa, na kuchuchumaa magoti hayamruhusu. Nikamwambia sukuma kidogo, nikaona vidole vya miguu vimejikunja na taya limekaza, pumzi kaibana. Legeza taya mama, fungua mdomo, vuta pumzi tumbo lijae, toa taratibu. Tukarudia, tukarudia. Kuna mashine zinazomuonesha mgonjwa kwenye skrini msuli wake unafanya nini, mie hapa nna kidole chenye glovu, nyuma ya pazia na kwa ruhusa yake. Mara za mwanzo msuli ulikuwa unanibana. Baadae nikausikia umelegea chini ya kidole, na yeye mwenyewe akausikia, akasema "eeh, ndo hivi?" Wallahi kwa hilo naipenda kazi hii.

Nikawaambia aende chooni baada ya chai ya asubuhi, maana tumbo likipata chakula utumbo nao unaamka, asipitishe dakika 10, na afanye mazoezi kila siku, hii ni kazi ya wiki nyingi. Dada mtu ndo akaniuliza kigoda kiwe cha urefu gani.

Baada ya hapo sijui saa ngapi, mchana ulipita, bega, goti, mtoto analia, mgongo wangu nao unauma na chakula nlikula nimesimama.

Nafunga mlango, kijana anaemleta babaake kwa kiharusi akabaki nyuma. Akauliza ile shida ya choo kugoma, wanaume nao wanapata? Nikamwambia wanapata, hata watoto, aje kesho aanzie kwa daktari, na kama ameona damu au anapungua uzito aseme mapema asifiche.