Alizeti imekauka mapema? Pasua shina kwanza

Kila mwaka ikifika mwezi wa tatu, huku kwetu Dodoma, Kongwa, Chamwino mpaka kule Singida utasikia maneno yaleyale, alizeti imeungua na jua. Mtu anaona mimea imekauka kabla vichwa havijajaza anasema mvua imekata basi, anasubiri mwakani. Jamani sio jua peke yake! Ukiona mmea umekufa na wa pembeni yake bado kijani, udongo uleule mvua ileile, hapo shuku ugonjwa wa shina.

Ng'oa huo uliokufa. Angalia pale chini karibu na udongo, ganda linakuwa limegeuka rangi ya majivu. Halafu chukua kisu upasue kwa urefu. Shina lenye afya ndani lina ule moyo mweupe laini, sasa hili lililougua moyo umesinyaa zimebaki nyuzinyuzi, na kwenye hizo nyuzi kuna vidoadoa vyeusi vidogo sana kana kwamba mtu kanyunyizia pilipili manga. Ukiviona hivyo umemkamata, ni fangasi, kitaalamu Macrophomina phaseolina, na hivyo vidoa ndo vinabaki ardhini miaka kadhaa vikisubiri. Anapenda joto, anaingia kwenye mizizi mapema anatulia tu, alizeti ikishachanua ikapata kiu ndo anaimaliza.

Ukikuta ukungu mweupe mwingi na vipande vyeusi vigumu vya kushika kwa vidole, huyo mwingine, Sclerotinia, yeye anataka ubaridi na unyevu. Ndo anayewasumbua sana wakulima wa kanola, zao la mbegu za mafuta, kule Kanada. Na wale wana utaratibu naupenda, ila ni kwa ugonjwa wao mwingine wa shina unaoitwa blackleg, karibu na kuvuna wanang'oa mashina sehemu mbalimbali za shamba, wanakata pale shina linapokutana na mzizi waone kama ndani pamekuwa peusi, ndo wanapanga msimu ujao wapande nini na wapi. Sisi tunashindwa nini? Kisu kila mtu anacho.

Dawa ya kupiga mmea ukapona huu ugonjwa wetu hakuna, usipoteze hela dukani. Na kubadilisha mazao peke yake hakutoshi maana huyu fangasi anakula mtama, mahindi, ufuta, karanga, kunde, yaani karibu kila tunacholima. Kinachosaidia ni mmea usipate kiu, mvua zetu ni za msimu mmoja tu kwa hiyo panda mapema, weka matuta yenye vizuizi maji yasikimbie, samadi, palizi isichelewe, na usibananishe, sentimita 75 kwa 30 na shimo moja mmea mmoja, hapo naomba msibishane na mimi, shamba lililobanana ndo linaanza kuanguka.

Mabua ya sehemu iliyougua yatoe shambani. Na mbegu za vichwa vilivyokufa mapema usiweke za kupanda hata kama bei ya mbegu imepanda, peleka zikakamuliwe mafuta.