H yangu imefika 7
Leo nikiwa kwenye matatu, jam ya Barabara ya Ngong, nimefungua Google Scholar, tovuti ya kutafuta makala za utafiti, nikakuta h yangu (h-index, kipimo cha jinsi makala za mtafiti zinavyonukuliwa) imetoka 6 hadi 7. Yaani nina makala 7 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 7 kwenye makala nyingine. Kipimo hiki alikibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, wala hakijali kama jina lako ni la kwanza au la ishirini kwenye orodha ya waandishi.

Makala ya malaria iliyoninyima usingizi miaka mitatu imenukuliwa mara 4, na mbili nimejinukuu mwenyewe (msinicheke). Ile fupi ya kutunza sampuli za damu stima ikipotea, niliyoandika wikendi moja tu, ina 61!

Nikampigia mama. "Hao 61 wamekulipa ngapi?" Konda naye ananigongea kiti, anataka nauli.