Wanangu, mna kitoweo?

Somo la juma hili: Yohana 21:1-14

Bwana asifiwe, wapendwa. Nilikusudia kuandika juu ya wale samaki 153, lakini nilikwama mstari wa 5. Wanafunzi wamekesha chomboni bila kupata kitu, kumepambazuka, Yesu amesimama ufukweni anawauliza: "Wanangu, mna kitoweo?" Swali hilo nimewahi kuulizwa, pwani ya Kigombe, nikiwa na miaka tisa.

Kigombe ni kijiji cha wavuvi, kwenye barabara ya Tanga kwenda Pangani. Babu alifika upande ule kutoka bara akiwa manamba wa mkonge. Mkataba ukaisha, yeye akabaki. Sisi wajukuu tulipelekwa kwake kila likizo ya mwezi wa sita. Watu wa bara hudhani pwani samaki ni wa kuokota. Mwezi wa sita ni kusi: upepo mkali, bahari imechafuka, ngalawa zinalala mchangani siku tatu, nne, na anayethubutu kutoka anaweza kurudi na dema, yaani mtego wa samaki, lenye pono mmoja na kaa.

Ngalawa ikirudi, watoto tuliikimbilia kuivuta juu ya magogo. Malipo hayakuwa hela, yalikuwa kitoweo. Jirani yetu mmoja, mzee wa Kiislamu mwenye alama ya sijida kwenye paji la uso, alikuwa na kawaida ya kumuuliza kila mtoto kabla ya kugawa: "Mjukuu wangu, nyumbani mna kitoweo?" Mwenye nacho alipisha, asiye nacho apate.

Siku hiyo nikajibu, "Tunacho."

Hatukuwa nacho. Nadhani sikutaka mjukuu wa mtu wa kuja aonekane mwenye njaa mbele ya wenyeji. Mzee akaniamini, akamgeukia mwingine. Usiku tulikula ugali kwa kisamvu kisicho na nazi. Bibi alikuwa ameniona nikivuta ngalawa, na hakuniuliza neno.

Sasa tazameni wanafunzi walivyojibu: "La." Basi. Hawakusingizia upepo, hawakusema walikaribia kupata. Na Petro yumo humo chomboni, yule yule aliyeota moto wa makaa uani kwa Kuhani Mkuu akaulizwa, akasema si yeye. Sura ya 18 inautaja moto huo wa makaa, na hapa kwenye 21:9 upo tena, "na juu yake pametiwa samaki, na mkate." Jarife, wavu wenye wale samaki 153, lilikuwa bado halijavutwa nchi kavu. Aliyeuliza kama wana kitoweo alikuwa nacho tayari, kinaiva.

Kwa nini aliuliza, basi? Mimi naona alitaka kulisikia lile "la" kutoka vinywani mwao. Sisi kusema hatuna kunatushinda, na lugha yetu yenyewe inatusaidia kujificha: mtu ana homa ya siku tatu, ukimsalimu hujambo, anajibu sijambo kwanza, homa itafuata baadaye ikipata nafasi. Jumatano kwenye jumuiya mama mmoja aliniuliza habari za nyumbani. Nikasema salama tu. Nyumbani kwangu wiki hii si salama, na yule mama angeweza kuomba nami palepale. Nimefika umri huu na bado nasema "tunacho."

Kesho yake, kule Kigombe, mzee aliuliza tena, kana kwamba jana haikuwepo. Nikamwambia, "Hatuna, babu." Akachomoa tasi watatu kwenye mtungo akanipa. "Mshike kichwani, mgongoni ana miba." Kwa furaha nikawakumbatia wote watatu nikakimbia, na kabla sijafika kwenye minazi nilikuwa napiga kelele. Mwiba wa tasi una sumu, unawaka kama moto.

Bibi aliniweka kwenye kigoda, akaniloweka kidole kwenye maji ya moto, huku mkono mwingine akiwageuza tasi juu ya makaa. Nililia mpaka wakaiva. Kisha akanyofoa mnofu wa tumboni, akaupuliza, akanitia mdomoni.