Nyumba ya mama Kyela: dakti tumeziacha, tunafunga spliti

Kwa wasioufahamu mkoa wetu, Mbeya ina hali ya hewa mbili ambazo haziongei. Mimi naishi Uyole, Julai nalala na blanketi mbili na bado natafuta soksi, ila ukishuka Tukuyu ukapita mashamba ya chai na migomba mpaka Kyela karibu na ziwa, pale uko kama mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, joto na unyevu juu, na Oktoba Novemba kabla mvua hazijakolea ndo balaa lenyewe. Nyumba ya mama iko huko. Vyumba vitatu na sebule, tofali za kuchoma, bati, dari ilikuwa bado haijapigwa, ndo maana hii ishu ya AC ilibidi iamuliwe mapema, maana ukishafunga dari halafu ukaanza kutaka kupitisha mabomba juu ni kubomoa tu.

Aliyeleta habari za central, yaani AC moja inayopoza nyumba nzima kwa kusambaza hewa kwenye dakti (mifereji ya hewa), ni kaka, yuko Houston miaka mingi na ndo mwenye hela, kwa hiyo anasikilizwa. "Mdogo wangu, huku nyumba nzima inapoa, unaseti kidude kimoja ukutani basi." Sawa, simbishii, kule nyumba nyingi zinajengwa na dakti zake kabisa, mafundi wapo kila kona. Na central ina raha yake, hakuna mabox ukutani, hewa inatoka sehemu ndogo darini, kelele kidogo.

Sasa njoo Kyela. Dakti zinapita wapi? Juu ya dari, chini ya bati, yaani sehemu yenye joto kuliko zote kwenye nyumba. Nilipanda mule saa nane mchana kupima nafasi, nikashika upande wa ndani wa bati nikatoa mkono fasta, na mbao za kenchi zenyewe zilikuwa za moto. Unapoza hewa vizuri halafu unaipitisha humo! Hata Wizara ya Nishati ya Marekani inasema hasara za kwenye dakti zinaweza kuzidi asilimia 30 ya nishati ya kupoza nyumba, hasa zikipita sehemu isiyopozwa kama darini. Na hapo hatujamtaja panya, atakayeona hiyo sponji ya kufungia dakti ni godoro lake.

Kilichommaliza kaka ni hesabu ya umeme. Nyumba ile nzima ingetaka kama BTU 36,000 (BTU ndo kipimo cha nguvu ya kupoza), ndo wanaita tani tatu, kila tani ni BTU 12,000. Ikiwa inachapa mwendo kamili inakula uniti tatu na zaidi kwa saa, upoze na sebule ambayo mama hakai, yeye mpaka saa nne usiku yuko nje chini ya mwembe na majirani. LUKU ya elfu kumi kwa tarifu ya kawaida ni kama uniti 28, piga mwenyewe. Spliti, yaani AC ya chumba kimoja yenye boksi la ndani na la nje, ya BTU 9,000 inavuta karibu wati 800 ikiwa full, saa nane za kulala ni uniti sita na kitu, na ikiwa ya inverta inashuka zaidi kwa sababu chumba kikishapoa kompresa inapunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka kila mara. Mama yuko kwenye zile uniti 75 kwa mwezi za bei nafuu, AC yoyote itamtoa humo, hilo kaka amekubali kulibeba.

Kingine, central ikifa kompresa nyumba nzima inarudi kwenye joto, na fundi wa kuifufua umtoe wapi? Spliti ikifa chumba kimoja, unahamia cha jirani.

Basi, vyumba viwili spliti za inverta, sebuleni pangaboi. Fundi wa kwanza alitaka nichukue BTU 18,000 "ipoe haraka bosi" kwa chumba cha futi 12 kwa 12. Nimekataa. Kwa unyevu wa Kyela mashine kubwa inashusha joto chapchap inazima kabla haijakamua maji hewani, unabaki na baridi yenye majimaji, mashuka yananata. 9,000 inatosha kabisa.

Hela iliyobaki ya kaka tumeizamisha kwenye paa na sioni kama kuna iliyotumika vizuri kuliko hiyo. Foili chini ya bati, matundu ya hewa pande zote mbili za paa, ndo jipsamu ikafuata.

Cha mama kimeshafungwa. Tundu la ukutani limetobolewa likiinamia nje kidogo ili maji yasirudi ndani, boksi la nje liko upande wenye kivuli juu ya stendi ya chuma, sio chini, mvua za kule mnazijua. Nilichosimamia kwa macho ni vakyumu, yaani kunyonya hewa yote kwenye mabomba kabla ya kufungulia gesi. Mafundi wengi wanafungua gesi kidogo isukume hewa nje wanasema imeisha, mimi nikasema hapana, tafuta pampu, akaikodi, tukaiacha inavuta zaidi ya nusu saa tukiangalia geji haipandi ndo akafungulia gesi. Hewa na unyevu vikibaki ndani ya mabomba ya kopa kompresa haidumu. Nimeweka na kinga ya umeme mdogo maana jioni taa zinafifia.

Nimeseti 26. Mama kaangalia, akaniuliza, "Mwanangu, hii na dirisha nifunge?" Ndiyo mama, funga. "Sasa nitamsikiaje mtu akija kwenye kokoa?" Hapo sikuwa na jibu, nimemwambia taa ya nje nitafunga wiki ijayo pamoja na waya wa chumba cha pili, kina breka yake peke yake.